Jipu Lililoikataa Penisilini

Jipu lilinitoka mvua zilipoanza, katika ile miaka ya kwanza ya uhuru, na kati ya sehemu zote za mwili wangu likachagua ile ambayo fundi cherehani hawezi kupata riziki bila hiyo. Nilikuwa kijana wa mtaa wa Buyenzi, sina mke, nashona kwenye baraza la duka la vitambaa. Kazi yangu ilitegemea macho ya kuona tundu la sindano na makalio ya kukalia kigoda. Macho yalikuwa mazima.

Siku za kwanza nilikalia upande mmoja, kama mtu anayeinamia siri ya jirani. Baadaye hata upande huo ukagoma, ikabidi nisimame. Cherehani ya kukanyaga haikutengenezewa mtu aliyesimama. Niliukita mguu mmoja chini, nikakanyaga kwa mwingine, mgongo nimeupinda, na kila nikiongeza mwendo nikawa narukaruka kama kuku aliyefungwa kamba. Wateja waliuliza. Niliwaambia kwamba Ulaya siku hizi mafundi wote wanashona wima, mshono unanyooka zaidi. Fundi mwenzangu wa baraza la jirani aliniamini, akajaribu asubuhi nzima, kisha akaja kunilaumu kwamba kiuno kimemkatika.

Niliishi kwa dada yangu mkubwa, na yeye hakuwa mtu wa kudanganywa na habari za Ulaya. Aliniona nikila wali nimesimama mlangoni, akaweka mwiko chini.

"We uko na jipu."

"Apana, dada. Nanyoosha miguu."

"Miguu haiko huko unakoshika."

Akanipeleka zahanati yeye mwenyewe, akakaa kwenye benchi la wagonjwa mpaka nilipoingia. Muuguzi alitazama, akaguna, akanichoma penisilini upande wa pili, ule uliokuwa mzima mpaka alipouchoma. Nikaambiwa nirudi kesho, na kesho yake, na kesho yake tena. Nikawa sina upande.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Wakati ule sindano ya penisilini ilikuwa na sifa mbili mjini kwetu. Kwanza, watu waliamini inaponya kila kitu. Pili, kijana akionekana anaifuata zahanati kila asubuhi, watu walijua, au walidhani wanajua, alikotembea usiku na nini alichorudi nacho. Kwa hiyo nilikwenda zahanati kwa kupitia vichochoro, huku nikichechemea, na nadhani hakuna kitu kinachomfanya kijana aonekane na hatia kama kuchechemea kichochoroni.

Nilikuwa na sababu ya kuogopa maneno ya watu. Kulikuwa na binti wa fundi wa magari, mtaa wa pili kutoka kwetu. Nilimshonea magauni kadhaa, na gauni la mwisho alilirudisha mara nyingi kuliko ubovu wake, akisema mkono huu umebana, mkono ule umelegea. Nilielewa, naye alielewa kwamba nimeelewa. Dada alikwisha kupeleka habari kwa mama yake, na ikapangwa kwamba Ijumaa moja, baada ya swala, tuende kwao kuposa.

Sindano zikaisha, jipu likabaki. Likazidi kuvimba, likawa na joto lake peke yake kama jiko.

Ndipo shemeji yangu alipoingia katika habari hii. Mume wa dada alikuwa mfanyakazi wa maabara katika hospitali mjini. Alikuwa mrefu, mpole, na alikuwa na tabia ya kunawa mikono kabla ya kumsalimia mtu na kunawa tena baada ya kumsalimia, jambo lililowaudhi wazee wa msikitini mpaka walipozoea. Nyumbani hakuwa msemaji. Lakini ukimtajia mikrobi, yaani vile vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoleta magonjwa, chai yake ilipoa mbele yake na ya kwako pia.

"Umemaliza sindano zote," aliniuliza, "na jipu bado liko?"

"Liko, na limekua."

Nilitegemea aseme pole. Badala yake uso ukamng'aa.

"Nipe kidogo."

"Nikupe nini?"

"Usaha."

Nikamtazama dada ili anitetee. Dada alikuwa anachagua mchele, hata hakuinua kichwa. "Mupe," akasema. "Mutu akiomba usimunyime."

Akaja na kijiti chenye pamba, amekitia ndani ya kichupa cha kioo. Nikalala kifudifudi kwenye mkeka, yeye akachukua alichotaka kwa upole kama mtu anayechovya asali, akaondoka nacho akiwa amekishika kwa mikono miwili.

Aliporudi baada ya siku mbili alikuwa karibu anakimbia.

"Shemeji! Mikrobi yako iko nguvu!"

"Nguvu vipi?"

"Nimeiotesha mu sahani, nikaiwekea penisilini. Inakula tu, inazaana. Penisilini imekaa pembeni kama mugeni asiyekaribishwa. Nimeita wenzangu wote wakuje kuangalia. Mi sijaona ingine kama ya kwako."

Mungu anisamehe, nilijisikia fahari kidogo. Kisha nikakumbuka jipu.

"Sasa dawa ni nini?"

"Dawa?" akasema, kama mtu aliyekatizwa katikati ya hadithi nzuri. "Dawa bado." Akaeleza kwamba mikrobi wengine wamezoea penisilini, wamejifunza kuivunjavunja, na kwamba ziko dawa mpya Ulaya ila hapa kwetu hazijafika. Daktari wake alisema njia ni moja tu: kulipasua.

Nikasema sipasuliwi. Nguo ndiyo hupasuliwa, tena na mtu anayejua kuishona. Dada alinitazama kwa macho ya huruma na dharau, akatoka nje kuita msaada mwingine.

Msaada wenyewe alikuwa mama mmoja wa Kanyosha, kando ya mji, aliyekuja kila asubuhi mtaani kwetu na kikapu cha ndimu kichwani. Mama huyo aliamini ndimu kama wengine wanavyoamini serikali. Una kikohozi, ndimu. Una tumbo, ndimu. Mume haongei, ndimu kwenye mchuzi wake. Dada alipomweleza habari yangu, alitua kikapu pale pale mlangoni.

"We mutoto, kamulia ndimu. Bwana yangu alipata jipu kama muhogo. Nilikamulia ndimu, likakimbia."

"Lilikimbilia wapi?" shemeji akauliza. Hakuwa anatania. Alitaka kujua.

"Mi nitajuaje? Lilikimbia."

Dada akasema, "Umesikia?" Shemeji akasema amesikia, ila hajaona. Dada akasema mtu anayengoja kuona atazikwa hajaona. Wakabishana mpaka mama wa ndimu akakaa chini kupumzika. Mwisho shemeji akachagua ndimu kadhaa kikapuni, akazigeuzageuza, akazitia mfukoni mwa koti lake.

"Tutapima," akasema.

Baada ya siku mbili alinichukua nikaone mwenyewe. Maabara ilikuwa chumba kidogo chenye harufu ya spiriti. Akanawa, akaniamuru ninawe, akafungua kabati lenye joto na kutoa sahani ndogo ya kioo yenye mfuniko. Ndani mlikuwa na kitu kama uji ulioganda, na juu ya uji huo vidoa vya rangi ya dhahabu vimejaa kama ufuta kwenye mkate.

"Hawa ni wa kwako," akanong'ona.

Juu ya vidoa alikuwa amepanga viduara vya karatasi ya kukaushia wino. Kimoja kilichovywa penisilini, na vidoa vya dhahabu vilikuwa vimekifuata mpaka ukingoni, vimekiegemea bila aibu. Kingine kilichovywa maji ya ndimu. Kukizunguka hicho palikuwa wazi, peupe, hakuna doa hata moja, kama uwanja uliofagiliwa asubuhi ya sikukuu. Kulikuwa na kiduara cha chungwa pia, lakini pale vidoa vilisogea nyuma kidogo tu, kwa adabu, si kwa hofu.

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Wale walioninyima kigoda nilikuwa nawatazama ana kwa ana, na ndimu ya Kanyosha imewafagia. Nilitaka kupiga vigelegele kama mwanamke.

Daktari aliingia wakati huo. Alikuwa Mzungu mzee aliyejifunza Kiswahili chake Kongo, kwa wapishi na madereva, na akakisema kwa sauti kubwa kana kwamba sisi sote tuko ng'ambo ya barabara. Akainua sahani kwenye mwanga, akatikisa kichwa kwa furaha, akampiga shemeji bega.

"Muzuri! Muzuri sana!" Kisha akanigeukia mimi. "Lakini we sikia. Mu sahani, ndimu inaua. Siki pia inaua. Ukali ile inaua kila kitu. Mutu hapana sahani. Wewe kuja, mi nitapasua, inaisha."

Nilimshukuru, nikasema nitafikiri. Nilikwisha kufikiri. Mtu aliyeona uwanja ule mweupe kwa macho yake hawezi kwenda kwenye kisu.

Kosa lilikuwa kumwambia dada. Dada alikwenda kuchota maji bombani, na alipotoka bombani Buyenzi nzima ilijua kwamba ndimu imeshinda penisilini huko hospitali, mbele ya Mzungu. Jioni hiyo ua wetu ulijaa. Watu walikuja na ndimu, machenza, na mmoja akaja na balungi kubwa kama kichwa cha mtoto, akisema ikiwa ndogo inaua, kubwa itaua zaidi. Mama wa ndimu alikaa katikati yao kama bibi arusi. Kila mtu alikuwa na shauri lake juu ya namna ya kunikamulia, na hakuna aliyeuliza shauri langu.

Wanawake walibaki uani. Dada aliniingiza chumbani, akafunga mlango, akasema Bismillahi, akakamua.

Nimeungua na pasi ya mkaa maishani. Nimejichoma sindano ya cherehani ikapita ukucha. Havifanani. Ndimu ile iliingia kwenye jipu kama mtu mwenye hati ya nyumba. Sikumbuki kufungua mlango. Nakumbuka nikiwa uani, nimejifunga kitenge cha dada chenye picha za samaki, nazunguka mwembe wa jirani kwa kasi ambayo sikuwa nayo tangu mvua zianze.

"Ona!" mama wa ndimu akapaza sauti. "Anakimbia! Juzi alikuwa anachechemea!"

Watu wakapiga makofi.

Shemeji hakupiga makofi. Alikuwa amesimama kizingitini, ananitazama kwa makini. Kesho yake alirudi maabara, akachanganya maji ya ndimu na magadi mpaka ukali ukaisha, akawapimia tena wadudu wangu. Walikula na kuzaana kana kwamba hakuna kilichotokea. Daktari alisema kweli: nguvu kubwa ya ndimu ilikuwa ule ukali wenyewe, na ukali huo haujui kutofautisha mikrobi na nyama ya mtu. Ila alipokamua maganda, yale mafuta yenye harufu yanayoruka ukikunja ganda, akaona bado yanawasogeza nyuma kidogo hata bila ukali.

"Kidogo," alimwambia dada, "kidogo tu. Bado sijui."

Dada alisikia neno "maganda" peke yake. Alhamisi jioni akanipaka mafuta ya maganda kuanzia kiunoni kwenda chini, na Ijumaa niliingia nyumbani kwa watu kuposa nikinuka kama kikapu cha Kanyosha.

Tulikuwa watatu: mzee mmoja wa msikiti, aliyejua kusema maneno ya posa, shemeji kwa niaba ya familia, na mimi. Baba wa binti alitupokea kwa kanzu nyeupe. Alikuwa mnene, mikono yake ilikuwa na weusi wa grisi ambao hakuna sabuni iliyouweza. Sebule ilitandikwa mkeka mpya, mito imepangwa ukutani. Mzee akakaa. Shemeji akaomba maji ya kunawa, akanawa, akakaa. Mimi nikasimama.

"Kaa, kijana," baba akasema.

"Niko sawa, baba. Ni heshima."

"Heshima nimeiona. Ikala sasa."

"Nimezoea kusimama, baba. Kazi yetu siku hizi..."

Nilianza habari za Ulaya. Lakini alikuwa amenisimamia hapo akinitazama kama gari lililoletwa likiwa na kelele isiyoeleweka. Mzee wa msikiti alikohoa. Nikamtazama shemeji anisaidie, aseme mgongo, aseme goti, aseme chochote. Nilikuwa nimesahau kwamba shemeji hakuwahi kusema uongo maishani mwake.

"Iko na mikrobi," akasema.

Nyuma ya pazia la mlango wa ndani, sahani zilizokuwa zikigongana ziliacha kugongana.

"Iko na nini?"

"Mikrobi. Lakini ya nguvu sana." Na hapo, kwa sababu alikuwa ametajiwa kitu anachokipenda, alifunguka. "Tumemuchoma penisilini, sindano kwa sindano, haifanyi kitu. Mi mwenyewe nimeichukua, nimeiotesha. Iko chini kidogo, hapa, tangu hapa..." Akaanza kuonyesha kwenye mwili wake mwenyewe.

Nilimwona baba wa binti akifanya hesabu kichwani. Penisilini. Chini ya kiuno. Kijana wa vichochoroni. Rangi ya uso wake ikabadilika, naye mzee wa msikiti akavuta tasbihi yake karibu, akasema "Laa ilaaha illallah" polepole sana.

"Kijana," baba akasema, "njoo nje."

Nikamfuata mpaka uani, nyuma ya lori lililofunguliwa injini. Akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Umekuja kuomba mutoto wangu na ugonjwa wa malaya?"

"Baba, Wallahi si hivyo! Ni jipu!"

"Jipu liko wapi?"

Nikamwambia.

"Onyesha."

Sijui kama kuna kijana mwingine mjini aliyeposa namna ile. Niligeuka, nikashika bampa ya lori, nikainua kanzu. Alitazama kwa muda, akainama, akatazama tena kwa jicho la kazi. Kisha nikasikia sauti kama mashine inayokataa kuwaka, halafu ikawaka. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaegemea lori, na lori likatikisika.

"Na hii harufu ya matunda?"

"Ni dada yangu, baba."

Akacheka upya. Kupitia dirisha la jiko nikasikia wanawake nao wanacheka, na kati ya sauti hizo nilijua moja, ile iliyokuwa ikilalamikia mikono ya gauni. Nilitamani injini ile inimeze.

Tuliporudi sebuleni alifuta machozi kwa kiganja, akawaambia wenzangu, "Huyu hana kitu. Ni jipu." Mzee akasema Alhamdulillahi kwa sauti. Kisha baba akanigeukia mimi, naye hakucheka tena. "Lakini mi simupe mutoto wangu mutu anayeogopa kisu kidogo, anakimbia na ndimu. Nenda ukapasuliwe. Ukija tena, uikale hapa, tutaongea."

Daktari alinipasua siku iliyofuata. Nililia kwa sauti iliyowatoa wauguzi kwenye vyumba vingine, lakini kilio kilikuwa kirefu kuliko kazi yenyewe. Joto lile lililokaa ndani yangu wiki zote likatoka kana kwamba limeamriwa. Shemeji alisimama kando na kichupa chake. Usingizi nilioupata siku ile sijaupata tena, hata baada ya kuoa.

Nilirudi kwa baba wa binti, nikakaa kwenye mkeka, nikakaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Tukakubaliana. Mke wangu ameniambia baadaye kwamba siku ile ya kwanza hakuudhika na jipu. Aliudhika kwamba nilimficha, wakati yeye alirudisha gauni lile mara zote hizo na kila mara alinikuta ninashona nimesimama, akawa anangoja nimwambie ukweli angalau mara moja. Nilimuuliza kwa nini basi alicheka. Akasema, "Ungejiona."

Mama wa ndimu aliendelea kusema kwamba ni yeye aliyeniponya, na kisu kilifuata tu kumalizia. Hatukumpinga. Dada akaendelea kununua kwake, akasugulia ndimu ubao wa kukatia samaki na mikono yake mwenyewe, na kwa kazi hiyo shemeji hakuwa na neno.

Lakini shemeji hakuwaacha wadudu wangu. Aliwahamisha kutoka sahani hii kwenda sahani ile, akiwalisha uji mpya, akijaribu juu yao kila ganda alilookota: la ndimu changa, la ndimu iliyoiva, la chenza. Kila tulipokutana, kabla hata ya kuulizana hali, aliniambia, "Wako wazima." Nikawa naitikia, "Alhamdulillahi," kwa mazoea.

Mpaka siku moja maabara ikapakwa rangi na kabati la joto likazimwa bila yeye kuambiwa. Alikuta sahani zote zimechemshwa, zimeoshwa, zimepangwa rafuni, zinang'aa. Akaja nyumbani kwangu jioni, akanawa, akanishika mkono, akakaa. Mke wangu akamletea chai.

"Wamekufa," akasema mwishowe. "Wote."

Mke wangu alinitazama akingoja nicheke. Nilifungua mdomo nicheke kweli, lakini nilipoona jinsi shemeji alivyokishika kikombe, nikaufunga.

"Pole sana, shemeji," nikamwambia. "Ni kazi ya Mungu."

"Ni kazi ya Mungu," akaitikia. Akanywa chai yake yote ikiwa ya moto.